Shajara ya mradi: kupima balansi na hatari ya kuanguka kwa wenye Parkinson, nyumba kwa nyumba, Hai na Moshi Vijijini

Januari

Naiandika hii kazi tangu mwanzo ili mtu wa fiziotherapia aliyeko wilaya nyingine akitaka kuifanya kwake asianzie sifuri. Mradi wenyewe mdogo: tunataka kumpima mtu mwenye Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaoharibu mwendo, pale pale anapoishi, kwa vifaa vinavyoingia kwenye begi la mgongoni, tujue nani yuko hatarini kabla hajavunjika nyonga. Tuko wachache, mimi, nesi mmoja ambaye anawajua hawa wazee mpaka majina ya wajukuu zao, na wahudumu wa afya ya jamii wa vijiji vya huku mlimani Kilimanjaro.

Huku Hai huu ugonjwa una historia yake. Watafiti walishapita nyumba kwa nyumba kwenye watu zaidi ya 160,000 na matokeo yakatoka 2008, wakakuta watu 33 wenye Parkinson na wengi wao hakuna aliyewahi kuwaambia wana nini, walikuwa wanaishi nayo tu na watu wanasema ni uzee. Alafu 2010 ikatoka kazi nyingine ya kaskazini mwa Tanzania, ya watu ambao walikuwa hawajaanza dawa kabisa, wakafundishwa kutembea kwa kufuata mdundo na alama na mwendo wao ukawa bora, hata wakiwa wanafanya na jambo lingine wakati huo huo. Hiyo ya pili ndo iliyonipa moyo maana inaonyesha fiziotherapia ina kazi hata pale ambapo dawa haijafika.

Niseme na hili mapema kwa sababu ndugu wengi wanalichanganya. Mtu akisikia Parkinson anawaza kutetemeka, lakini kinachomwangusha mgonjwa mara nyingi sio kutetemeka. Hatua zinafupika, mgongo unajikunja mbele, kiwiliwili kinakuwa kigumu kinageuka kizima kizima, na ile hatua ya haraka ambayo wewe na mimi tunaitupa bila kufikiri tukisukumwa, kwake inachelewa au inatoka ndogo isiyotosha. Levodopa, dawa kuu ya Parkinson, inasaidia ugumu na uzito wa mwili, lakini balansi yenyewe inaisaidia kidogo sana. Kwa hiyo unaweza kumkuta mzee mkono umetulia vizuri kabisa, familia inashukuru dawa imekubali, na bado anaanguka.

Na wanaanguka kweli. Tafiti zilizowafuatilia wagonjwa zinaonyesha kama 6 kati ya 10 huanguka ndani ya mwaka, na wengi wa hao huanguka zaidi ya mara moja. Mwaka 2007 zilikusanywa tafiti sita pamoja, ndani ya miezi mitatu tu asilimia 46 walikuwa wameanguka, na hata kwa wale ambao huko nyuma hawajawahi kuanguka bado asilimia 21 walianguka. Hiyo 21 ndo inayoniuma mimi, maana hao ndo ambao kila mtu anawaona wako sawa.

Januari, mwishoni

Tumekaa kuchagua vipimo. Viko vingi mno na kila kimoja kina watu wake.

Berg, kipimo cha balansi, nimeitumia miaka, vipengele 14, alama 56, nzuri sana kwa mtu wa kiharusi, ila kwa Parkinson ya mwanzo mtu anapata karibu zote alafu anaenda kuanguka. Haimpimi anavyojiokoa akisukumwa na haimpimi akitembea, sasa mtu wa Parkinson anaanguka wapi kama sio hapo. TUG (Timed Up and Go) tumebaki nayo kwa sababu ni rahisi, inuka kwenye kiti, tembea mita 3, geuka, rudi, kaa, unaandika sekunde. Wengine wanasema kwa Parkinson ikizidi sekunde 11 na nusu uwe macho. Mimi namba naiandika lakini kinachonishughulisha zaidi ni pale kwenye kugeuka, anageuka kwa hatua ngapi, mguu unakokota, anatafuta ukuta. Mtu anaweza kumaliza haraka kwa sababu anakimbia mwendo asioweza kuusimamisha, na haraka hiyo ndo hatari yenyewe.

Kwa kipimo kirefu tumechukua Mini-BESTest. Ina vipengele 14, alama 28, na uzuri wake imegawanywa kwenye mambo manne: unavyojiandaa kabla ya kujisogeza, unavyojiokoa ukipoteza balansi, unavyosimama macho yakifungwa au ukiwa juu ya kitu laini, na unavyotembea ukibadilisha mwendo, ukigeuza kichwa, ukiruka kizuizi. Ukimaliza hujui tu kwamba mtu ni mbovu, unajua ni mbovu wa nini, na mazoezi yanatokea hapo hapo.

Kwa wahudumu wa jamii tumechukua kile kipimo kifupi cha maswali matatu kilichotoka Australia 2013. Ameanguka ndani ya miezi 12 iliyopita? Ndio ni alama 6. Miguu imegandia chini ndani ya mwezi uliopita? Ndio ni alama 3. Mwendo wake wa kawaida uko chini ya mita 1.1 kwa sekunde? Alama 2. Sifuri ni hatari ndogo, 2 mpaka 6 ya kati, 8 mpaka 11 kubwa. Kwenye utafiti wao wa kundi la juu walianguka kama asilimia 85 ndani ya miezi sita iliyofuata, na wa kundi la chini asilimia 17. Hakuna mashine, hakuna chumba maalum, na mtu yeyote anayejua kuuliza kwa heshima anaweza. Nina wasiwasi mmoja tu, hiyo 1.1, maana wazee wengi wa huku wenye miaka 75 na kuendelea watakuwa chini ya hapo hata wasio na Parkinson. Alama hatuzibadilishi, ila tunaandika na mwendo wenyewe pembeni ili baadae mtu alinganishwe na yeye mwenyewe.

Februari

Begi limekamilika. Mini-BESTest inataka sponji ya sentimita 60 kwa 60 yenye unene wa sentimita 10, yani inchi nne, na fundi magodoro wa Moshi mjini alielewa mara moja, kakata kipande kisicho laini sana cha kuzama. Kizuizi cha kuruka kinatakiwa kiwe sentimita 23 kwenda juu, maboksi mawili ya viatu yamebandikwa pamoja yanatosha kabisa na hivo ndo maelekezo yenyewe yanavyosema. Mbao ya mteremko kachonga seremala. Futi kamba, tepu ya karatasi ya kuweka alama sakafuni, mashine ya presha, simu kwa ajili ya saa na video. Na mkanda mpana wa kumfunga mgonjwa kiunoni ili nipate pa kumshikia, huu nauandika mwisho lakini ndo wa kwanza kutoka kwenye begi.

Kiti kimekuwa mjadala. Mini-BESTest inataka kiti kisicho na mikono, majumbani viti ni sofa za chini ambazo hata mimi naamka kwa kujisukuma. Tumeamua kiti cha kupimia kiwe cha mezani, alafu pembeni tunaandika anavyoamka kwenye kiti chake anachokalia kila siku, maana hicho ndo kitakachomwangusha.

Machi

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo moyo wa mradi wote.

Mzee mmoja wa juu kule kwenye vihamba, yale mashamba ya migomba ya huku mlimani, tulimpima saa nne asubuhi. Kidonge chake cha asubuhi anameza saa mbili na nusu. Katembea vizuri, kageuka vizuri, Mini-BESTest kapata alama nzuri tu, kwenye fomu ungesema huyu nenda zako. Mke wake kanyamaza muda wote, alafu tukiwa tunaagana ndo akasema, "Daktari, huyu mnayemwona sasa hivi sio wa saa kumi alfajiri." Tukaomba kurudi kabla ya dozi inayofuata. Tulipomkuta dawa imeisha mwilini alikuwa mtu mwingine, hatua za kukwaruza, kwenye kugeuka akaganda, nilipomvuta mabega kidogo hakutupa mguu kabisa, alikuwa anakuja mzima mzima kama gogo na nisingekuwa nyuma yake angefika chini.

Toka hapo juu kabisa ya fomu, kabla hata ya umri, tumeweka: dozi ya mwisho saa ngapi, sasa hivi saa ngapi, na mgonjwa mwenyewe anajionaje, dawa inafanya kazi au imeisha. Kipimo cha balansi cha mtu wa Parkinson kisicho na saa ya dawa hakinisaidii kitu. Ukimpima leo dawa imeshika na mwezi ujao imeisha utasema ugonjwa umekwenda mbele, ukigeuza utasema mazoezi yamefanya maajabu, na yote mawili sio kweli. Wale ambao hali inaruhusu tunawapima mara mbili, dawa ikiwa imeshika na karibu na dozi inayofuata, ila hiyo ya pili lazima tuwe wawili na ukuta uwe karibu.

Na ndo unagundua kwamba kliniki karibu zote ni asubuhi, mtu kameza dawa ili apate nguvu ya kupanda daladala, anafika akiwa kwenye saa yake nzuri kuliko zote. Simlaumu mtu hapo, ndo ratiba ilivyo. Lakini kuanguka kwenyewe kunatokea alfajiri akienda choo cha nje, au jioni.

Kingine cha dawa ambacho familia hazikuambiwa: levodopa inagombania njia na protini ya chakula. Akiimeza pamoja na maharage au nyama au bilauri ya maziwa inaweza kuchelewa au kufanya kazi nusu. Nesi wetu anawaelekeza wameze kama nusu saa kabla ya kula, na kuna nyumba ambazo hilo tu limebadilisha asubuhi nzima.

Aprili

Masika. Udongo unateleza, barabara ya juu haipitiki, tumefanya nyumba za karibu na lami tu.

Kalenda zimeanza kufanya kazi. Kila nyumba huku ina kalenda ukutani, ya kanisa au ya duka, tumeomba tu kalamu ifungwe pembeni yake. Akianguka mnaandika X, akikaribia kuanguka akajishika mnaandika O, na saa. Kumuuliza mzee mwisho wa mwezi ameanguka mara ngapi ni kazi bure, wengine kumbukumbu imepungua na wengine wanaogopa kwamba wakisema watakatazwa kutoka. Bibi mmoja kaniambia hajaanguka hata mara moja huku mjukuu wake wa darasa la tano amesimama nyuma yake ananionyesha vidole. Sasa mjukuu ndo mwenye kalamu, na bibi kakubali baada ya kuhakikishiwa kwamba X hazitamzuia kwenda jumuiya.

Zile O nazithamini sana. Anayejishika ukutani leo bado tuna muda naye.

Mei

Kuganda kwa miguu. Hiki ndo kitu kigumu zaidi kukiona na kibaya zaidi kukikosa.

Mtu anaganda akiwa anaanza kutembea, akigeuka, akipita mlangoni, akiharakishwa, akiwa anawaza kitu kingine. Miguu inashika sakafu, mwili wa juu unaendelea kwenda mbele. Lakini ukimwambia "tembea nikuone" anaweka akili yake yote kwenye miguu na haigandi, anatembea kama mwanajeshi. Kwa hiyo tumeacha kutegemea ile ya kutembea moja kwa moja. Tunamwomba azunguke pale pale alipo mzunguko mzima haraka haraka, kulia alafu kushoto, hiyo inaibua kuganda kuliko kitu kingine chochote tulichojaribu. Alafu tunamwomba atuonyeshe njia yake, kutoka kitandani mpaka jikoni, kutoka jikoni mpaka choo, avuke kizingiti chake, kwa malapa yake anayovaa. Nilikuwa najua kwa vitabu kwamba milango inagandisha lakini kumwona mama wa watu amesimama kwenye mlango wa choo cha bati, upana wa mabega, mkono mmoja umeshika ndoo, anasukuma kichwa mbele na miguu haiji, ni jambo lingine kabisa.

Ile ndoo ndo jambo. Ubongo wenye Parkinson unaendesha kutembea kwa kukusudia badala ya kwa mazoea, ukimpa na kazi nyingine nguvu inagawanyika. Mini-BESTest inapima hilo kwa TUG huku mtu anahesabu kurudi nyuma kwa kutoa tatu tatu kutoka karibu na 100, na akipungua mwendo zaidi ya asilimia 10 anakatwa alama. Kwa mwalimu mstaafu sawa. Kwa bibi ambaye hakupelekwa shule unampima aibu, sio balansi. Yeye tunamwambia ataje aina za ndizi anazozijua, au abebe kikombe cha maji, na tunaandika wazi kwamba kazi imebadilishwa, kwa hiyo sekunde zake tunazilinganisha na zake mwenyewe za mwanzo, hatuzipeleki kushindana na za utafiti wa watu wengine.

Tulichofanya kwa yule mama: tepu za rangi kuvuka njia ya choo, nafasi ya hatua moja moja, akanyage juu ya kila mstari. Mstari wa mwisho uko ndani ya mlango, sio nje. Ndoo anabeba mtu mwingine. Binti yake alikuwa anamvuta mkono akiganda, tumemwomba aache kabisa maana kumvuta mtu ambaye miguu imeshikwa ni kumwangusha mbele, asimame naye, wapumue, mama ahamishe uzito kushoto kulia, alafu waanze pamoja kwa kuhesabu. Na kugeuka ageuke kwa kuzunguka duara pana, asijisokote mahali pamoja. Kalenda ya mwezi uliofuata ina O bado, X hazijaonekana, lakini ni mwezi mmoja tu na mimi sitangazi kitu kwa mwezi mmoja.

Juni

Presha. Nilikuwa naiona kama nyongeza, nesi ndo kasisitiza na yuko sahihi. Parkinson inaharibu pia ile mishipa ya fahamu inayoibana mishipa ya damu ukisimama, na dawa zenyewe zinaweza kuishusha presha zaidi. Tunamlaza dakika 5, tunapima, anasimama, tunapima dakika ya kwanza na ya tatu. Ikishuka 20 ya juu au 10 ya chini tunaandika na anarudi kwa daktari wake. Tumewakuta wazee ambao wanameza dawa za presha walizoandikiwa miaka ya nyuma na sasa hivi wakisimama inaporomoka, na hawasemi kizunguzungu, wanasema tu miguu imelegea. Hatumwambii mtu aache dawa, hilo sio letu, ila karatasi yenye namba tatu za presha aliyoibeba mkononi inasikilizwa haraka kuliko malalamiko matupu.

Mzee wa namna hiyo mazoezi ya balansi peke yake yasingemfaa. Ndo maana nasema kipimo cha kuanguka sio kipimo kimoja.

Julai

Mafunzo ya wahudumu. Maswali matatu wameyashika vizuri kuliko nilivyotegemea, na wanauliza vizuri kuliko mimi kwa sababu wanaanza na shikamoo ndefu, wanauliza ng'ombe, wanauliza kahawa, na jibu la kuanguka linakuja lenyewe katikati ya habari. Mwendo wanapima mita 4 uani, na nafasi ya kuanzia kabla ya alama na ya kumalizia baada yake ili wasipime mtu anapoanza au anapofunga breki. Ukizidi sekunde 3.6 kwenye hizo mita 4 uko chini ya 1.1.

Kipimo cha kumvuta mgonjwa mabega kutoka nyuma hatukuwapa, na wasipewe. Hicho unasimama nyuma yake, ukuta uko nyuma yako kama mita moja na zaidi, unamweleza kwamba utamvuta na anaruhusiwa kurudi hatua, unajaribu kidogo kwanza alafu unavuta kwa nguvu ya kutosha kumtoa kwenye balansi. Akijiokoa kwa hatua moja au mbili ni sifuri, yani sawa. Tatu mpaka tano ni 1, zaidi ya tano bila kushikwa ni 2, asipotupa hatua na angeanguka bila wewe ni 3, na yule ambaye anapoteza balansi mwenyewe amesimama tu ni 4. Mtu mwenye kilo 80 akija kinyumenyume bila hatua unahitaji mwili na uzoefu kumpokea, na muhudumu yuko peke yake nyumbani kwa watu.

Wahudumu nao wametuongezea swali lao: usiku anaamka mara ngapi kwenda haja, na njia ina taa? Limeingia kwenye fomu. Mtu wa Parkinson anayeegemea macho kusimama, ukimzimia taa umemwondolea mkongojo. Kwenye sponji macho yamefumbwa tunaliona hilo kabisa, kuna wanaosimama sekunde zote 30 macho wazi na wakifumba hawamalizi 5.

Agosti

Hali ilivyo sasa. Wote walioandikishwa wamepimwa angalau mara moja nyumbani na saa ya dawa imeandikwa. Kalenda zinarudi, sio zote. Waliotoka na alama 8 na kuendelea kwenye yale maswali matatu wameanza mazoezi ya nyumbani na mtu wa kusimama naye, kuinuka kitini bila mikono, kupiga hatua kubwa kila upande, kugeuka kwa duara. Wale wa hatari ndogo na ya kati nimeshikilia tusiwaache nyuma, maana utafiti mkubwa wa Australia wa 2015 ulionyesha mazoezi yalipunguza kuanguka kwa wenye ugonjwa ambao haujaenda mbali sana na sio kwa waliozidiwa. Kumsubiri mtu aanguke ndo umwanzishie mazoezi ni kuchelewa.

Kilichobaki: njia za choo nne zinahitaji nguzo ya kushika, seremala kaja kupima na mti upo, tunasubiri wenye nyumba wakubaliane nani anachimba. Vipimo vya saa ya dawa kuisha vimebaki kwa wale wanaomeza dozi ya saa sita mchana, wiki ijayo nesi na mimi tunaanzia nyumba za juu kwa sababu wakati wa vuli hazitafikika. Fomu mpya yenye swali la taa ya usiku imeshachapwa. Sponji imeanza kulegea katikati, fundi kasema atatukatia nyingine ngumu kidogo, na tutaandika tarehe ya kubadilisha ili alama za kabla na baada zisichanganywe.